Sakafu ya Ijumaa: kisa cha shosho aliyeanguka katika nyumba ya wazee, Nakuru

Shosho wa chumba cha nne aliokotwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Alikuwa amelala ubavu kwenye korido inayotoka vyumbani kwenda chooni, kichwa ukutani, patipati moja mguuni na nyingine imeteleza hadi mlango wa stoo. Hakulia. Mhudumu aliyemkuta anasema neno lake la kwanza lilikuwa kuomba radhi kwamba ameloa. Mguu wa kulia ulikuwa umefupika kidogo na vidole vimegeukia nje. Aliyewahi kufanya kazi wodi ya mifupa akiona mguu umelala hivyo hangoji eksirei ndipo ajue nyonga imevunjika. Eksirei ilipigwa, ikasema yale yale.

Jumatatu kamati ikakaa. Jambo la kwanza kwenye ajenda lilikuwa kumwachisha kazi mhudumu aliyepiga deki usiku ule. La pili, mapazia mapya ya sebuleni. Mimi ni muuguzi mstaafu, na huitwa kila panapotokea jambo lenye harufu ya dawa, kwa hiyo niliombwa niandike ripoti fupi ya kuunga mkono lile la kwanza. Hakuna aliyelitamka hivyo. Ila karatasi aliyonikabidhi mwenyekiti ilikuwa imeshaandikwa kichwa: "Uzembe wa mfanyakazi."

Ninaiandika habari hii kwa ruhusa ya kamati na ya jamaa zake shosho, bila jina la nyumba wala la mtu, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili isijulikane ni wapi.

Neno moja kwanza juu ya majina. Ukimwambia mtu wa Nakuru "nasingi homu" atakuuliza nani kajifungua, maana kwetu neno hilo limebaki la hospitali ndogo za kibinafsi. Ninayoisema mimi ni nyumba ya wazee: watu ishirini na wawili, wengi wamevuka miaka sabini na mitano. Wengine hawana mtu. Wengine wana watu, lakini watu hao wako Nairobi, au Qatar, au walishatangulia. Nyumba inaendeshwa na kanisa, na unga, sukari na nepi za watu wazima hutoka mikononi mwa wageni.

Jengo ni la mawe na mabati, limeketi mteremkoni. Katikati kuna korido ya hatua kama thelathini, vyumba huku na huku, choo na bafu mwishoni. Sakafu ni saruji nyekundu. Aliyekulia kwenye nyumba za reli au mabweni ya misheni anaijua: hupakwa polishi, husuguliwa kwa blanketi kuukuu, mtoto hupanda juu ya blanketi na kuvutwa, na mwishowe unaona uso wako. Ndiyo fahari ya nyumba ile. Na mji wetu una vumbi. Wapo wanaosema hata jina Nakuru lilitoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Kwa mtu wa hapa, sakafu inayong'aa mwezi wa Februari ni ushahidi kwamba kuna mtu anafanya kazi.

Basi walioshtakiwa walikuwa watatu. Wa kwanza mhudumu, kwa kuacha maji sakafuni. Wa pili patipati, ambazo kweli zilikuwa zimelika zikawa laini kama kigae. Wa tatu shosho mwenyewe, kwa "ukaidi wa kutembea usiku". Hilo la tatu lilisemwa na mtu mzima, kwenye kikao, na hakuna aliyecheka. Mtu wa miaka themanini na moja anayeamka kwenda kukojoa ni mkaidi!

Nikaomba daftari la matukio, lile jeusi la kaunta linalokaa chumba cha dawa. Sina haja ya kufanya watu ishirini na wawili kuwa utafiti, lakini kurasa zilikuwa zikisema zenyewe. Tangu Januari, mzee au shosho kuanguka kumeandikwa mara kumi na moja. Mara saba ilikuwa alfajiri ya Jumamosi. Wahudumu wa zamu katika hizo saba walikuwa wanne tofauti. Huyu tuliyekuwa tukimtafutia barua alikuwa zamu mara mbili tu.

Mhudumu mzembe hubeba uzembe wake siku zote saba. Nikamwambia mwenyekiti nitalala pale Ijumaa moja. Akaniuliza kama nitahitaji kulipwa. Nikamwambia nitahitaji blanketi.

Saa mbili usiku dawa ziligawiwa. Nilisimama nyuma ya toroli nikasoma kadi. Shosho wa chumba cha nne bado alikuwa hospitalini, ila kadi yake ilikuwepo, na juu yake vidonge vya presha, kimojawapo ile dawa ya maji inayomfanya mtu akojoe. Wakati wa kumeza: saa mbili usiku. Wauguzi tumefundishwa dawa ya maji hupewa asubuhi, ili safari za chooni ziwe za mchana. Mbona usiku? Kwa sababu muuguzi wa kutwa huja siku tatu kwa wiki, na ili mambo yasichanganyike, dawa zote za siku moja zilihamishiwa toroli moja la jioni. Lilikuwa jambo la urahisi tu, hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Saa mbili na nusu ukaanza usafi wa Ijumaa.

Siku za kawaida korido ile ina viti vya plastiki vinane, vimepangwa kando ya ukuta mmoja, na vipande vinne vya zulia vilivyokatwa kutoka kanisani. Vyote vilitolewa nje, viti vikapandanishwa chini ya mparachichi. Makopo ya usiku yakakusanywa chumba kwa chumba, yakaoshwa kwa jiki, yakafungiwa stoo. Niliuliza mbona yanafungiwa usiku, na usiku ndio wakati wake. Mhudumu akanitazama kama ninayemtega. "Sista, Jumamosi moja mgeni alikuta kopo chini ya kitanda lina mkojo, akalisema mbele ya wote. Tangu siku hiyo tuliambiwa Ijumaa yasionekane." Jumamosi ndiyo siku ya wageni. Basi la shule, akina mama wa kanisa, mara kikundi cha vijana chenye kamera. Hufika kuanzia saa tatu, na wanachokanyaga kwanza ni korido.

Baada ya viti kutoka, polishi. Baada ya polishi, blanketi. Saa nne na nusu korido ilikuwa inang'aa hata kwenye giza, na giza lilikuwepo, kwa sababu balbu mbili kati ya nne zilikuwa zimeungua.

Deki ikapigwa saa kumi na robo alfajiri. Mhudumu wa zamu ya usiku ni mmoja kwa wazee wote. Saa kumi na mbili anatakiwa aanze kuwaogesha, saa moja anakabidhi zamu. Huwezi kupiga deki saa kumi na mbili na bado ukaogesha watu, kwa hiyo deki inasogea nyuma, nyuma, mpaka inakutana na saa ile ambayo kibofu cha mzee kimejaa.

Nilitazama kazi yenyewe kwa karibu. Ndoo moja, ngumi nzima ya sabuni ya unga, tambara likazamishwa na kukamuliwa mara moja. Maji yalipogusa polishi hayakunywewa na saruji. Yalisimama juu yake kama shanga, na sabuni ikafanya ule utando unaoujua ukiwahi kuteleza bafuni. Mvua haikuwa imenyesha, lakini Nakuru iko juu, mita kama 1,850, na alfajiri ya Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Maji hayakauki kwenye baridi hiyo. Dakika arubaini na tano baadaye niliweka kiganja sakafuni kikainuka kimeloa. Nikavua viatu nikatembea na soksi kutoka chumba cha nne hadi chooni. Nilishika ukuta mara mbili, na mimi sina presha, sina mtoto wa jicho, wala sikuwa nimebanwa.

Ndipo mlango wa chumba cha saba ukafunguka. Mzee anayependa kuketi dirishani alitokeza, akasimama kizingitini, hakuendelea.

"Mzee, mbona umesimama?"

"Nangoja kukauke, mama. Leo nyumba haina mikono."

Sikumwelewa. Akanyoosha fimbo kuelekea mahali viti hukaa. Akaanza kunihesabia kwa taratibu: kutoka mlangoni kwake kiti cha kwanza, anashika mgongo wake, anavuta pumzi, hatua tano, kiti cha pili, cha tatu kina mguu mbovu, hicho anakiruka, cha nne ndipo mlango wa choo unapoanza kuonekana. Alikuwa na ramani kamili ya viti kichwani. Wote walikuwa nayo. Wale tuliodhani wamewekewa viti vya kuotea jua kumbe wamejijengea ngazi iliyolazwa chini, na sisi kila Ijumaa tunaitoa nje ili sakafu ionekane vizuri.

Nilirudi chumba cha dawa nikakaa hadi kukapambazuka. Sasa ningeweza kuirudisha ile safari ya shosho hatua kwa hatua. Amemeza dawa ya maji saa mbili. Ameamka pengine mara ya tatu. Amenyoosha mkono chini ya kitanda, kopo halipo. Ameinuka haraka kwa sababu amebanwa, na kwa mtu wa dawa za presha, kuinuka haraka ni kichwa kuzunguka. Angefaa kuketi ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, lakini kibofu hakitoi dakika. Ametoka koridoni. Jicho moja lina ukungu, balbu imeungua, na sakafu inayong'aa inamrudishia mwanga wa balbu ya mbali kama dimbwi. Ameunyoosha mkono kwenye kiti cha kwanza. Hakuna kiti. Patipati laini juu ya sabuni juu ya polishi.

Ukiipanga hivyo, kuna jambo linalouma. Katika vyote vilivyomwangusha, ukiacha balbu na ile saa ya dawa, hakuna hata kimoja kilichotokana na uchafu. Kopo lilitolewa kwa usafi. Viti vilitolewa kwa usafi. Zulia, polishi, sabuni, deki ya alfajiri: usafi mtupu. Nyumba ile ilikuwa ikisafishwa kwa ajili ya anayeingia saa tatu Jumamosi, na anayeishi humo alikuwa kama fanicha nyingine ya kusogezwa.

Sisemi haya ni ya nyumba hii peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi zaidi. Tukisikia "ajali" tunawaza matatu na bodaboda. Korido hatuiwazi.

Nilitaka kuishia hapo, ila asubuhi ile pua ilinipeleka kwingine.

Saa moja na nusu, zamu ya mchana ikiwa imeingia, nilisikia kikohozi kutoka chumba cha pili, wazee watatu kwa pamoja. Nikakuta mhudumu amemimina jiki moja kwa moja kutoka chupani juu ya mkojo uliokuwa chini ya kitanda. Hewa ilikuwa kali hadi machozi. Wengi wetu tumezoea kuiita hiyo "harufu ya usafi" na hata kuifurahia. Si usafi. Mkojo uliokaa huoza ukatoa amonia, ile inayochoma pua. Klorini ya jiki ikikutana na amonia hutoa gesi inayowasha koo na kifua. Ndivyo pia, na vibaya zaidi, ukichanganya jiki na zile dawa za choo zenye asidi: hapo inatoka klorini yenyewe. Katika chumba chenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya baridi, na wazee wawili kati ya watatu wana pumu, ni bora ungeacha mkojo.

Tena haikuwa na faida. Jiki humezwa na uchafu kabla haijaua kijidudu. Sharti kwanza ufute mkojo, uoshe kwa maji na sabuni, usuuze, ndipo jiki ifuate ikiwa inahitajika, na mara nyingi haihitajiki; sakafu ya chumba cha kulala inatosheka na maji na sabuni. Pakiwa na damu au kinyesi ndipo unachanganya: jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, unapata asilimia 0.5, unaiacha dakika kumi. Unachanganya ya siku hiyo tu, maana nguvu yake hupotea. Nilimwuliza mhudumu kama aliwahi kuonyeshwa. Akasema alionyeshwa chupa iko wapi.

Lakini harufu iliyokuwa ikiwasumbua wageni, ile iliyofanya makopo yafungiwe, ilitoka wapi? Sakafu ilipigwa deki kila siku. Kuta zilikuwa safi. Nilifunua shuka nyeupe, zilizopigwa pasi, nikabonyeza godoro kwa viganja viwili, nikainama. Hapo ndipo ilipokuwa. Sponji bila kifuniko, imekunywa mkojo wa miaka, juu imefunikwa shuka jeupe. Makintosh, zile shuka za mpira zisizopitisha maji, zilikuwepo, tatu, kwa vitanda ishirini na viwili. Magodoro yalianikwa juani mwisho wa mwezi, na mwezi wa mvua hayakuanikwa kabisa. Kwa kweli deki ile yote ya alfajiri ilikuwa ikiosha mahali pasiponuka.

Mgeni haoni godoro. Afisa wa afya naye, aliyekuja mwezi wa Machi, aliangalia jikoni, vyoo, tangi la maji na mashimo ya taka, akaandika kwamba usafi ni wa kuridhisha. Simlaumu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, na ukisoma sehemu yake ya kero utaona iliandikwa na mtu anayewaza taka, wadudu na msongamano. Hakuna mahali inapomwambia afisa avue kiatu atembee na soksi.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa mbili. Kile kichwa nilikikata kwa kalamu. Kikao cha pili kilikuwa kigumu kuliko nilivyotarajia, na si kwa habari ya mhudumu, maana hilo liliisha dakika tano baada ya daftari kufunguliwa. Kigumu kilikuwa polishi. Mjumbe mmoja, mwalimu wa zamani, alisimama na Katiba mkononi akasoma Ibara ya 57, kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na heshima. Akauliza: hadhi gani kwenye sakafu iliyopauka kama ya ghala? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikamwomba asiketi, aendelee kusoma. Ibara hiyo hiyo inamalizia kwa haki ya kupata matunzo na usaidizi ufaao kutoka kwa familia na Serikali. Nikasema mimi nadhani hadhi ya shosho ilikuwa kwenye lile kopo. Tukabishana saa nzima. Sina hakika nilimshinda, nadhani walichoka.

Lililomaliza ubishi ni mhasibu. Aliuliza polishi, sabuni na jiki zinagharimu kiasi gani kwa mwezi ukilinganisha na mabomba ya ukutani ya wazee kushikia. Fundi wa kuchomelea kutoka mjini akaitwa, akapima. Ikaonekana kwamba tukiacha polishi na kupunguza sabuni, bomba la upande mmoja linajilipa kabla ya Krismasi.

Deki sasa hupigwa saa nne asubuhi, wazee wakiwa nje juani na chai yao. Hupigwa nusu ya korido kwa upana, ili nusu nyingine ibaki kavu kwa asiyetaka kutoka. Sabuni ni vijiko viwili badala ya ngumi. Tambara la pili, kavu, hufuata la kwanza. Polishi iliyokuwepo ilichukua wiki mbili kung'olewa kwa brashi na maji ya moto, na chini yake saruji ilikuwa na rangi ya tofali. Huu ndio mlima walioupanda wahudumu bila malipo ya ziada, na wanastahili kutajwa kuliko kamati.

Dawa ya maji ilirudishwa asubuhi baada ya daktari kukubali. Hilo sikuliamua mimi wala metroni, na nisingependa mtu asome hapa akamhamishie mama yake dawa kwa simu. Makopo yanabaki chini ya vitanda siku zote, yana vifuniko. Kwa wawili wasioweza kuchuchumaa, fundi alikata shimo kwenye kiti cha plastiki, akaimarisha miguu kwa mbao, ndoo chini yake. Ni kiti cha kuchekesha kukitazama na kinafanya kazi kuliko vile vya dukani.

Magodoro yalikuwa kazi ya mwisho na bado haijaisha. Saba yameshonewa kifuniko cha ngozi ya plastiki kama ya hospitali, zipu upande wa ukutani ili mkojo usipite mshononi. Mabovu kabisa yalichomwa. Yaliyobaki huanikwa kila Jumatano, jua likiwepo. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, hakuna jua la kuanikia, na nyumba itanuka tena kidogo. Nimewaambia kamati mapema ili wasije wakaikimbilia jiki.

Tatizo moja sikuligusa kwenye ripoti na najilaumu. Anayepiga deki ndiye anayeogesha, ndiye anayelisha, ndiye anayeinua. Mtu mmoja, wazee ishirini na wawili, usiku kucha. Unaweza kuhamisha saa ya deki, lakini saa za mtu huyo huwezi kuziongeza. Niliandika aya nzima juu ya mhudumu wa pili wa usiku, kisha nikaifuta kwa kuogopa kwamba wakiona mshahara wataikataa ripoti yote. Mpaka leo sijui kama nilifanya busara au woga.

Wageni, nao? Jumamosi ya kwanza baada ya polishi kutoka, mama mmoja aliyekuwa amezoea kuja alisimama mlangoni akasema, "Kwani hapa siku hizi hamfagii?" Kwenye kitabu cha wageni mwingine aliandika kwamba nyumba imeshuka. Mwenyekiti alinipigia simu jioni ile, sauti imelegea, akiuliza kama hatungeweza kurudisha polishi pale karibu na mlango tu, mita mbili tatu. Nilimwambia aje alale Ijumaa moja. Alikuja. Sijui aliona nini au alitembea na nini miguuni, ila la polishi hakulitaja tena, na wiki iliyofuata balbu zote nne zilikuwa zinawaka.

Shosho wa chumba cha nne alifanyiwa upasuaji, akarudi baada ya wiki kadhaa akitembea na ile fremu ya chuma yenye miguu minne. Si yule wa kwanza. Alikuwa akichambua mboga jikoni, sasa huletewa sufuria mapajani. Siku aliporudi, mhudumu yule wa zamu ile ndiye aliyemshika mkono kutoka kwenye gari. Shosho akasimama mwanzo wa korido, akatazama chini muda mrefu, akamwuliza kwa Kikuyu ni nani aliyeiharibu sakafu yao nzuri. Mhudumu akanigeukia mimi. Nikanyamaza.

Bomba limefika chumba cha tano, likaishia hapo. Fundi anangoja malipo ya awamu ya pili. Kutoka chumba cha tano hadi chooni bado ni viti. Vimeongezwa viwili, kile chenye mguu mbovu kimetolewa, na mzee wa chumba cha saba amefunga kitambaa chekundu kwenye mgongo wa kila kimoja ili avione gizani. Ijumaa iliyopita nilipita pale saa tatu usiku nikavihesabu. Vyote tisa vilikuwa mahali pake.